Stika ya Rangi ya Chungwa kwenye Mtumbwi wa Doto

Doto,

Ni mimi Kulwa, niliyetangulia kutoka. Usicheke mwandiko. Ulikuwa unasema herufi zangu zinalala ovyo kama ng'ombe waliokwisha kunywa maji, lakini kwenye kisomo cha watu wazima niliwapita wote, mwalimu alilisema hilo mbele ya watu, na wewe ulikuwepo, umekaa nyuma unasinzia. Kwa hiyo leo nyamaza unisikilize.

Nimekaa kuandika mara nyingi nikainuka. Nikikaa miguu inataka nje, nikitoka nje nasahau nimefuata nini. Tangu tukuzike niko hivyo. Nimeliezua banda la mbuzi ambalo halikuwa linavuja, nikaliezeka upya. Nimehamisha kuni kutoka nyuma ya nyumba kwenda mbele, halafu nikaona zinaziba njia, nikazirudisha. Mke wangu ananitazama tu.

Wewe siku ile ulikuwa umelala, hujui. Wazee wa ukoo walinishika mikono huku na huku, wakaniambia nisidondoshe chozi, eti pacha akimlilia mwenzake anamfuata. Watu wote wakalia, hata wale waliokuja kwa ajili ya wali. Mimi nikasimama. Nikamwaga udongo, nikashukuru watu, nikahesabu viti vya kuazima virudi kwa wenyewe. Hakuna aliyesimama vizuri kama mimi pale, ungeuliza yeyote angekwambia. Lakini kusimama huko hakujaisha, Doto. Mpaka leo nasimama.

Sasa nikupe habari za mtumbwi wako.

Uliuacha mwaloni Nkome, pale wavuvi wanapoegesha, umepinduliwa juu ya magogo, siku tulipokuleta huku Kolandoto hospitali, kifua kikikubana. Ulituambia tuufunike usipigwe jua, unarudi. Nani angekumbuka kufunika mtumbwi wakati ule? Ukapigwa jua msimu mzima. Rangi yako ya bluu ikabanduka kama magamba, na lile jina WABEJA uliloliandika ubavuni, asante yetu ya Kisukuma, likafutika nusu, likawa halimshukuru mtu tena.

Matanga yalipokwisha, Mama Minza mkeo alinipigia simu. Akaniambia amepata mtu wa kuuchukua. Nikauliza mvuvi wa wapi. Akasema si mvuvi, ni mtu wa Bugarama, ana shimo la dhahabu, anataka mbao. Yaani aje na msumeno aupasue mtumbwi wako palepale mchangani, mbao zile za mvule azishushe chini ya ardhi zikawe matimba, zishikilie kuta za shimo lisiwafukie wachimbaji wake. Nikamwambia hapana, haiwezekani. Na wewe unamjua mkeo, sauti yake haipandi.

"Shemeji," akasema, "wewe uko Kolandoto. Mimi kila asubuhi nikienda ziwani napita mbele ya ule mgongo. Siwezi tena."

 Nikamwambia anipe mpaka siku ya mnada wa pale Nkome, ambayo ndiyo mtu wa Bugarama alikuwa anakuja. Nikamwambia nitaufanya upya asiutambue. Kwa kutumia nini, nilikuwa sijui. Unanijua, mdomo wangu hutangulia, mimi hufika baadaye nimechoka.

Nikaenda mjini Shinyanga kutafuta rangi. Njiani kabla ya kufika dukani nikaona bajaji moja kuukuu, imekonda kama ng'ombe wa kiangazi, inasukumwa kuingizwa kwa fundi wa stika. Nikasimama kutazama. Nilisimama hapo mpaka jua likageuka, na bajaji ile ikatoka inang'aa, utadhani ndiyo inashushwa kwenye treni. Nikasema hapa ndipo penyewe. Kama kitambaa cha plastiki kinaweza kuivalisha bajaji, mtumbwi una nini?

Fundi mwenyewe anaitwa Sefu, Mzaramo, mtani wetu. Kumwambia tu kwamba nataka kuvalisha mtumbwi, na nitauvalisha mwenyewe, akaweka chini kisu chake.

"Mtani, nyie mmezoea kusugua ng'ombe. Hii ni kazi ya watu wa pwani, watu walioamka."

Nikamwambia watu wa pwani kwa usingizi wao mtu angeweza kuwabandika stika mgongoni wakazunguka nayo mwezi mzima. Akacheka, akanipa mlango wa bajaji uliotupwa nijifunzie. Nikajifunza, Doto. Unalaza stika taratibu, unaanzia katikati, unasukuma hewa kwenda pembeni kwa kipande cha plastiki kilichofungwa kitambaa laini. Kiputo kikigoma unakitoboa kwa sindano, unakibonyeza. Kwenye kona unaipasha moto kidogo ilainike ikubali kukunja, lakini usiivute kwa nguvu, ukiivuta kwa nguvu kesho yake itarudi ilikotoka. Mlango wangu wa kwanza ulikuwa na mikunjo kama uso wa bibi. Wa pili Sefu mwenyewe aliuangalia mara mbili. Hakusifu, lakini mtani hasifu, kwa hiyo nikajua.

Alinionya jambo moja. Akasema mbao si bati. Safisha, halafu safisha tena, halafu ukidhani umemaliza safisha. Stika haipendi vumbi, haipendi maji, na kuliko vyote haipendi mafuta. Nikamwambia najua. Kusema kweli nilikuwa nimeangalia mikono yake, mdomo wake sikuufuata sana.

Nikachagua rangi ya chungwa. Akaniuliza kwa nini, nikamwambia ili hata wa Ukerewe waione. Basini watu waliuliza kama nimebeba zulia la kanisa.

Nilifika Nkome nikakuta mtumbwi wako kama alivyosema Mama Minza, mgongo juu, umenyamaza. Niliuzunguka. Sikuugusa siku ile, nilienda kunywa chai, nikarudi, nikauzunguka tena, nikaenda tena. Wanawake wanaoanika dagaa wakaanza kunicheka, wakauliza kama naupimia kanzu. Kesho yake nikaanza. Nikaukwangua rangi iliyobaki, nikaupiga msasa juu juu, nikaumwagia maji ya sabuni, nikauacha ukauke. Niliona unang'aa vya kutosha. Nikalaza stika ya kwanza kuanzia chini kabisa, kwenye mkuku, kwa sababu nilitaka uvae wote mwili mzima kama bajaji.

Asubuhi ile, Doto, ungenionea wivu. Stika ilikaa. Nilisukuma hewa, nikafuta, nikasogea, nikafuta. Upande mmoja wote ukawa chungwa tupu, na wale wanawake wa dagaa wakaacha kucheka, mmoja akaja kuugusa kwa kidole. Nikamwambia asiguse. Nikawaeleza kwamba Shinyanga mafundi wananiita niwasaidie. Nilisema hivyo, ndiyo.

Jua lilipofika kichwani mbao zikaanza kutoa jasho.

Kwanza niliona kiputo kimoja, nikakitoboa. Kikatoka na kitu cheusi kwenye ncha ya sindano. Halafu viputo vikaja vingi, halafu stika ikaanza kuteleza yenyewe, taratibu, kama shuka inayomdondoka mtu usingizini, mpaka upande mzima ukalala mchangani. Wanawake hawakucheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mafuta. Nikagusa mbao, nikanusa kidole, nikajua ni yapi. Doto, ni mafuta yangu. Ni yale mafuta ya pamba niliyokuwa nakupa mwenyewe nilipokuwa kiwandani pale mjini, yale mazito meusi yaliyobaki chini ya tangi, meneja alituruhusu tuchukue. Kila msimu wa pamba ukiisha ulikuwa unakuja na dumu lako, na mimi naweka juu yake pamba ya kuzibia mianya, tunakula ugali, unaondoka. Halafu nilikwenda Nkome mara moja nikakukuta unayapaka. Uliyapasha moto, ukayajaribu kwa kidole, ukachovya kiganja. Nikakwambia kuna brashi. Ukasema, "Mbao inakunywa, Kulwa. Iache inywe." Ukapaka mtumbwi mzima wa chini kwa kiganja, kama unampaka mtoto. Miaka yote hiyo ilikuwa inakunywa. Na sasa ndiyo ilikuwa inanitapikia.

Nilikasirika, sikufichi. Nilikwambia kwa sauti, palepale mwaloni, kwamba hata umekufa unanibishia. Nikasema nitakuonyesha. Nikaenda kwa Mama Minza nikaomba pasi ya mkaa, nikajiambia kinachotakiwa hapa ni moto, gundi ishike kwa lazima. Nikaweka kitambaa juu ya stika, nikapiga pasi kama shati la Krismasi. Pua ya pasi ikapitiliza. Nikabaki na tundu lenye umbo la pasi, moshi wake ukanuka mwalo mzima. Sefu akisikia hili atalisimulia mpaka Bagamoyo, kwa hiyo hatasikia.

Basi nikaamua kuyatoa mafuta yako yote. Nilitumia majivu, sabuni ya mche, petroli, msasa mkali. Nilikwangua mpaka vidole vikachubuka, na kila nikikwangua mbao inatoa mengine, na harufu ikawa inapanda. Si harufu ya mafuta tu. Unajua nguo zako zilivyokuwa zinanuka ukija kwangu, kabla hata hujapiga hodi mke wangu anasema Doto kaja. Harufu hiyo. Nilikuwa nimepiga magoti nakwangua, naona unga mweusi unadondoka juu ya mapaja yangu, na sikuacha. Sijui kwa nini sikuacha.

Mama Minza alikuja kuchukua pasi yake. Akasimama nyuma yangu.

"Shemeji," akasema, "unamkwangua."

Petroli inawasha macho, Doto. Mtu yeyote aliyefanya kazi na petroli anajua. Nikatupa msasa nikaondoka. Nilitembea ufukweni mpaka nikapita nyavu za mwisho, nikageuka, nikarudi, nikapita tena mbali zaidi. Watu walinisalimia mwadila, mwadila, sikumjibu mtu, na unajua mimi salamu siachi. Nilitaka kupanda basi nirudi Kolandoto. Nikafika hata pale magari yanapopakia. Kondakta akaniuliza babu unaenda wapi, nikageuka nikarudi.

Niliporudi niliuona mtumbwi kwa mbali, na kwa sababu nilikuwa mbali ndiyo nikaona. Chini yote nyeusi, imeshiba. Lakini zile mbao mbili za juu, zinazokaa nje ya maji, zilikuwa nyeupe kavu. Pale hukupaka mafuta hata siku moja. Pale ulikuwa unapaka rangi, ulisema mbao ya juu haina kiu. Nimekutazama ukifanya hivyo, na nilikuwa nimesahau kwa sababu nilikuwa nabishana nawe.

Kumbe nilikuwa nataka kuuvalisha mahali ambapo ulikwisha kuuvalisha.

Siku zilizobaki kabla ya mnada nilifanya kazi kama mtu anayekimbizwa. Niliuinua kwa msaada wa wavuvi ukakaa ubavu, nikazisafisha zile mbao za juu kama Sefu alivyosema, mara moja, halafu tena, halafu nilipodhani nimemaliza. Nikapiga msasa mpaka kiganja kikapita bila kukwama. Nikalaza stika mkanda mwembamba, kutoka nyuma kwenda mbele, nikikata pale mbao ya mafuta inapoanzia. Kona ya mbele iliniwia ngumu, ina mkunjo mpaka sasa, usiitazame. Viputo vipo pia. Penye tundu la pasi nilibandika kiraka, na watu wanadhani ni alama. Jina nililikata kwa stika nyeupe, nikaliandika upya WABEJA, herufi zangu zilezile ulizozisema, nazo hazikulala, zimesimama wima zote, isipokuwa J.

Siku ya mnada mtu wa Bugarama alikuja kweli. Mtu wa makamo, viatu vya mpira, mwenye heshima, aliniamkia shikamoo nikaitikia marahaba kwa shingo upande. Alikuja na mwenzake mwenye msumeno. Akauzunguka mtumbwi, akaguna.

"Mzee, mbona umezivalisha mbao zangu sare?"

"Zako zipi?"

Hakukasirika. Akainama, akagonga chini kwa ngumi, akasikiliza, akagonga tena mbele. Akapitisha kidole akakinusa. Halafu akamgeukia Mama Minza na uso wake umebadilika, akasema hii imelishwa mafuta, mbao ya namna hii hakuna siku hizi, kule chini kuna unyevu wa kuozesha kila kitu lakini hii haitaoza. Ona sasa, Doto. Nilikuwa nimeshindana nawe siku zote zile, na kazi yako ndiyo ilikuwa inakuuza.

Mama Minza akamuuliza, taratibu, "Itakaa muda gani huko chini?"

"Mama, itatuzika sisi sote."

Akausogelea mtumbwi. Nilitaka kusema, nilikuwa na maneno mengi, nilikuwa nimeyapanga, lakini kwa mara ya kwanza maishani nikayameza. Aliweka mkono kwenye mbao zako nyeusi akauacha hapo. Halafu akapandisha mpaka kwenye chungwa, akakuta kiputo, akakibonyeza kwa dole gumba mpaka kikalala. Akarudi nyuma hatua chache akautazama kama mtu anayepita njiani.

"Huu naweza kuupita asubuhi," akasema. Halafu akamwambia yule bwana, "Samahani baba, umetoka mbali. Mbao siuzi."

Nilidhani patakuwa na maneno. Yule bwana akakuna kichwa, akaangalia msumeno, akaangalia mtumbwi, akasema kama hauuzwi basi usikae nchi kavu unapasuka. Akakunja suruali. Yeye ndiye aliyeshika mbele, Doto, mtu aliyekuja kuupasua. Wavuvi wakashika pembeni, mimi nikashika nyuma na kuamrisha, tukauingiza majini.

Haukuvuja. Pamba uliyoizibia ingali imeshika, ilivimba ikakaza. Wakaniambia nipande, nami nikapanda, sikuwa na njia, nilikuwa nimeshasema mbele ya watu wote kwamba mimi na ziwa ni marafiki. Nilikaa katikati nimeshika mbao huku na huku. Maji yalifika pale pale chungwa inapoanzia, hayakupita. Mama Minza alikuwa amesimama ufukweni na kanga yake kichwani, na nilipompungia mkono nilitaka kuanguka, nikaurudisha mkono haraka. Mwenye kasia akasema babu tulia. Nikamwambia nimetulia. Kulikuwa na mwongo mmoja kati yetu.

Sasa mtumbwi unafanya kazi. Mama Minza amempa mvuvi wa palepale, mtu mzima asiyelewa, anavusha watu na mizigo kwenda visiwani. Nasikia watu wanausubiri huo wa chungwa hata wakiwa na mwingine mbele yao, wanasema unaonekana hata kukiwa na ukungu. Nimewaambia aliyeubandika ni nani. Nimewaambia wengi.

Mimi nimerudi nyumbani, nimekaa, nimeinuka. Mke wangu anasema nitakufa nimesimama. Juzi yule mvuvi alipiga simu, akasema ile kona ya mbele imeanza kunyanyuka. Hakuniita, alitaja tu. Lakini nimeshafunga mzigo. Nimenunua sindano mpya na kipande cha stika kwa Sefu, ametaka kujua imebanduka wapi, nikamwambia haijabanduka, ni akiba.

Nimepita kaburini kwako leo kabla ya kuandika haya, nimeng'oa majani. Sikukaa. Usinihesabie vibaya, sijui bado namna ya kukaa mahali ambapo wewe umelala na mimi sijalala. Wazee waliniambia nisikufuate, basi nimewatii, lakini hawakuniambia niende wapi badala yake.

Kwa hiyo nakuaga huku natembea, ndugu yangu. Lala wewe, ulipenda usingizi tangu tumboni, mama alisema mimi ndiye niliyekuwa nampiga mateke. Nakuahidi hivi: juu nitakwenda kubandika kila ikibanduka, mpaka vidole vikatae. Chini sitakwangua tena. Wala sitaruhusu mtu.

Ni mimi,
Kulwa